Masihara Yaliyositirika Ndani ya Vivinjari

Miongoni mwa watu wanaofungua kivinjari kila uchao, huyu akitafuta matokeo ya mpira, yule akijaza fomu ya mkopo wa chuo, na mwingine akiulizia bei ya mahindi, ni wachache mno wanaojua ya kuwa ndani ya chombo hicho hicho, nyuma ya kurasa zile za kazi na udhia, mafundi walioiunda programu wamesitiri michezo, vichekesho na hata aya za kitabu cha unabii kisichokuwapo, wakaviacha humo pasi na tangazo wala maelezo, avione atakayeviona na avipite atakayevipita. Wenyewe huviita mayai ya Pasaka, na jina hilo lilianzia katika kampuni ya Atari huko Marekani, ambako Warren Robinett, mtungaji wa mchezo wa Adventure, alificha ndani yake chumba cha siri chenye jina lake, kwa kuwa kampuni ile haikuwa na desturi ya kuwataja watungaji wa michezo yake. Na siri ilipofichuka, mkuu mmoja wa hapo, Steve Wright, akaona heri iachwe ilivyo, tena akaipa jina hilo lililodumu mpaka leo.

Msomaji huenda akauliza, mambo haya ya masihara yamfae nini mtu mwenye shughuli zake? Ninalolishikilia ni hili: mzaha wa kweli wa kivinjari umo ndani ya kivinjari chenyewe tangu kilipotoka mikononi mwa waundaji, na kwa hiyo haukuombi namba ya simu wala neno la siri, haukutaki upakue chochote, wala haukuambii uwapelekee wenzako kumi kabla ya saa sita usiku, na mtu aliyekwisha kuujua mzaha wa kweli kwa sura yake hahadaiki upesi na ule wa uongo, ambao siku hizi umezagaa katika makundi ya simu kuliko salamu. Fauka ya hayo, anayejizoeza kuandika anwani hizi za ndani kwa mkono wake mwenyewe huondokewa na ile hofu ya kudhani kwamba kila kitu kilichomo katika chombo kinaweza kuharibika kwa kuguswa.

Tuanze na ulio karibu na kila mtu. Aliyewahi kuishiwa bando katikati ya kusoma, au aliyekuwa akihangaika na mtandao ule wa Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipoharibika chini ya bahari na intaneti ya pwani ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua, si ajabu amekutana, katika kivinjari cha Chrome, na yule mjusi mdogo wa kijivu, aliyechorwa kwa miraba midogo midogo kama ya michezo ya zamani, ambaye husimama juu ya maneno ya kuarifu kwamba hakuna intaneti. Wengi humchukulia kuwa ni alama ya maafa, wakaizima simu huku wakinung'unika. Laiti wangemgusa! Katika simu mguse kwa kidole, na katika kompyuta bonyeza kile kibonye kirefu cha kuachia nafasi, naye ataanza kutimka jangwani, nawe kazi yako ni kumrusha juu ya midungusi inayomjia mbio. Ukiendelea, watakuja na wanyama warukao wa zama za kale, ambao wengine sharti uwaruke na wengine uwainamie, na alama zako zikifika 700 mchana utageuka usiku, na mwendo utazidi kuwa wa kasi hata ujikwae. Mchezo huu hauli bando hata chembe. Naye anayetaka kuucheza ilhali mtandao upo, na aandike katika upau wa anwani wa Chrome neno chrome, kisha nukta mbili, mikwaju miwili, na neno dino, bila kuacha nafasi popote, yaani chrome://dino, na ukurasa utafunguka.

Waliomzua mjusi huyu ni Sebastien Gabriel, Alan Bettes na Edward Jung wa kundi la Chrome katika kampuni ya Google, nao walimtoa hadharani Septemba 2014. Kichekesho chao kilikuwa chepesi kufahamika: mtu asiye na intaneti amerudishwa zama za mijusi wakubwa. Kazi ilipokuwa ikiendelea waliipachika jina la siri la Project Bolan, kwa kumkumbuka Marc Bolan, mwimbaji wa kundi la muziki la Uingereza lililoitwa T. Rex. Walikuwa wamewazia pia kumfanya mjusi angurume na kupiga teke, kisha wakayaacha yote hayo, wakabakiza kukimbia, kuruka na kuinama, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ustadi wao, maana mchezo wa kusubiria mtandao hautakiwi kumzidi mtu akili. Mwaka 2018, walipohojiwa na kampuni yao yenyewe, walieleza kwamba mchezo ulikuwa ukichezwa mara milioni 270 kila mwezi, na kwamba wachezaji wengi walitoka katika nchi ambazo intaneti ya simu ni ghali au si ya kutegemewa, wakazitaja India, Brazil, Mexico na Indonesia. Walisema vilevile kwamba wameupangia kufika mwisho baada ya miaka milioni 17 hivi, muda ule ule ambao, kwa madai yao, mnyama huyo aliishi duniani. Atakayeazimia kuumaliza na awarithishe wajukuu simu yake.

Na hapa niruhusiwe kuteleza nje ya njia kidogo. Mjusi wa Chrome ni Tyrannosaurus rex, mnyama wa Amerika ya Kaskazini, mla nyama, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Mjusi wetu sisi, yule wa Tendaguru katika Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na mpaka sasa imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin kwa kimo kinachozidi mita 13, alikuwa mla majani mwenye shingo ndefu, na kwa umbo lile asingeweza kuruka hata mdungusi mmoja. Kwa hiyo mtoto akiuliza kama huyu wa kwenye simu ndiye yule wanayemsoma shuleni, ajibiwe kwa insafu kwamba siye.

Tukitoka kwa Chrome twende kwa Firefox, ambako masihara yana umri mkubwa zaidi na, nathubutu kusema, yana fasaha zaidi. Keti mbele ya kompyuta, fungua Firefox, na katika upau wa anwani andika about:mozilla. Ukurasa mzima utageuka rangi nyekundu iliyoiva, na katikati yake yatatokea maandishi meupe yaliyopangwa kama aya ya kitabu kitakatifu, yakisimulia mnyama mkubwa, wafuasi wake na maadui zake, na mwisho wake pametajwa kitabu, sura na aya. Kitabu hicho hakipo. Ni mchezo wa mafundi wa Netscape, walioanza kuuweka katika kivinjari chao katikati ya miaka ya 1990, na warithi wao wa Mozilla wakauendeleza hata leo, wakiongeza aya mpya kila lilipozuka jambo zito. Lakini lililo tamu zaidi limefichwa katika namba: anayeijua desturi ya Wamarekani ya kutanguliza mwezi kabla ya siku ataona kwamba aya ya 3:31 inaashiria tarehe 31 Machi 1998, msimbo wa Netscape ulipowekwa wazi kwa umma; 7:15 inaashiria 15 Julai 2003, ulipozaliwa wakfu wa Mozilla; na 11:9 inaashiria 9 Novemba 2004, ilipotoka Firefox 1.0. Basi mtu akizifuatisha namba hizo atakuwa ameisoma historia ya kivinjari chenyewe, iliyoandikwa na watu walioishi ndani yake, na kuwekwa mahali ambapo hakuna msimamizi wala mtangaza biashara aliyewaamuru waiweke. Hata mahasimu wao hawakuweza kunyamaza: katika Internet Explorer ya Microsoft, aliyeandika maneno hayo hayo alipokewa na ukurasa mtupu wa rangi ya buluu, pasi na neno hata moja.

Andika tena about:robots, nawe utapokewa na karibu ya roboti, iliyofumwa kwa mafumbo kutoka filamu na vitabu vya kubuni vya sayansi, kuanzia kichwa chake cha habari kinachotokana na filamu ya 1951 ya The Day the Earth Stood Still. Ukurasa huu ulikuja na Firefox 3 mwaka 2008, na wengi huusoma, wakatabasamu, wakaufunga, wasijue kwamba chini yake kuna kitufe chenye mzaha wake wa pili. Kitufe hicho kwa kukitazama ni cha kawaida kabisa, kinakualika ujaribu tena. Kibonyeze mara moja, na maneno yaliyo juu yake yatabadilika, yakikusihi kwa adabu usikibonyeze tena. Nawe kama ulivyoumbwa utakibonyeza, na kitufe kitatoweka machoni pako. Aliyesoma vitabu vya Douglas Adams atamfahamu mara moja aliyekopwa, na asiyevisoma hakuna alichopoteza, kwa sababu ukaidi wa binadamu mbele ya kitufe alichokatazwa hauhitaji tafsiri.

Upo mchezo mwingine wa Firefox ambao hupatikana kwa jasho, nao nawashauri wenye subira tu. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya upau wa vifaa, chagua kuupanga upendavyo, kisha uvihamishe vitu vyote vilivyomo katika ukurasa utakaofunguka, kimoja kimoja, kuvitia katika kisanduku cha ziada kilichopo upande wa kulia, ukiiacha ile nafasi tupu ya kunyumbuka peke yake. Ukimaliza, chini ya dirisha atatokea farasi mdogo mwenye pembe moja. Mbofye, na mchezo wa kurushiana mpira wa meza utaanza, ukitumia vibonye vya mishale. Utakapochoka, usiondoke na kuacha upau wako umetawanyika kama nyumba iliyohamwa. Hapo hapo pana kitufe cha kurudisha hali ya awali, kibonyeze, na kila kitu kitarejea mahali pake.

Wenye Edge, kivinjari cha Microsoft, nao hawakusahaulika. Tangu 2020, anayeandika edge://surf hupata mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, akikwepa visiwa na mashua, huku nyuma yake akiwindwa na dubwana la bahari lenye minyiri. Na wazee wa Windows watatambua mara moja kwamba huu ni mjukuu wa SkiFree, mchezo wa 1991 ulioandikwa na Chris Pirih, ambamo mtelezaji wa theluji mara nyingi aliishia kuliwa na zimwi. Huo nao huchezeka pasipo intaneti.

Ajabu ni kwamba kampuni iliyotoa mchezo huo wa Edge ndiyo ile ile iliyokuwa imeyapiga marufuku masihara ya siri. Katika miaka ya 1990 programu za Microsoft zilijaa vichekesho, hata ndani ya Excel 97, daftari la mahesabu la watu wazima, palifichwa mchezo wa kurusha ndege. Lakini Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake waraka wa kutanguliza usalama na uaminifu mbele ya kila kitu, na tangu zama hizo jambo lolote lisiloandikwa katika maelezo ya programu likahesabiwa kuwa ni dosari. Hoja yao ina uzito. Benki, wizara au hospitali inayonunua programu ina haki ya kujua kila kilichomo, maana palipoweza kufichwa mchezo paweza kufichwa na kitu kingine, na hakuna mteja awezaye kutofautisha siri njema na siri mbaya kwa kuziangalia kwa nje. Walakini naona kwamba walichokizima hakikuwa bure: fundi anayeweka alama yake upande wa ndani wa mlango wa nakshi haudhoofishi mlango, na kampuni inayomkataza hata hilo hujikuta na milango mingi isiyo na mwenyewe. Suluhu iliyopatikana siku hizi inaniridhisha kwa sehemu kubwa, nayo ni mzaha uliositirika kwa mtumiaji lakini uliotajwa waziwazi kwa msimamizi. Chrome ina kanuni iitwayo AllowDinosaurEasterEgg na Edge ina AllowSurfGame, na kwa kanuni hizo mwalimu mwenye chumba cha kompyuta, au mkuu wa ofisi ambaye vijana wake wamehamia jangwani kumkimbiza mjusi, anaweza kuifunga michezo hiyo katika mashine zote anazozisimamia. Kwa walimu nina neno la ziada: fungeni wakati wa mtihani, fungueni wakati wa mapumziko, kwani mwanafunzi anayenyimwa mjusi asiye na madhara atakwenda kutafuta michezo katika tovuti ambazo hamtazipenda.

Sasa nifike kwenye tahadhari. Anwani zinazoanza kwa about:, chrome:// au edge:// si zote za masihara. Nyingi ni vyumba vya kazi vya mafundi, na orodha yake utaipata ukiandika about:about katika Firefox au chrome://chrome-urls katika Chrome. Kutazama hakudhuru, kugeuza ndiko kunakodhuru. Zamani, aliyefungua about:config ya Firefox alipokewa na onyo la utani lililosema kwamba dhamana ya chombo chake yaweza kubatilika, na ili apite ilimlazimu abonyeze kitufe cha kuahidi kwamba atakuwa mwangalifu. Onyo hilo limekwisha kubadilishwa kwa maneno makavu, lakini hatari ni ile ile, kwani kugeuza thamani moja usiyoijua kunaweza kukuondolea ulinzi au kukiharibia kivinjari mwendo. Kadhalika chrome://flags, ambayo ni ghala la vitu vilivyo katika majaribio. Na iko anwani moja ya Chrome, chrome://inducebrowsercrashforrealz, ambayo kazi yake ni kukiangusha kivinjari kwa makusudi. Wachale huwatumia wenzao kwa jina la mchezo mpya, na anayeiandika huku anajaza fomu ndefu atapoteza alichokwisha kukijaza.

Lililo baya kuliko yote halimo katika kivinjari kabisa. Huja kama ujumbe: fungua ukurasa wako wa Facebook, bonyeza F12, bandika maneno haya, utaona nani anatazama picha zako, au utapata bando la bure, au utauona mchezo wa siri. Dirisha linalofunguka kwa F12 ni la mafundi, na maneno utakayoyabandika humo hutenda kwa jina lako, kana kwamba umeyatenda wewe. Yanaweza kuichukua akaunti yako na kuwatumia rafiki zako ujumbe ule ule ulioletewa wewe. Udanganyifu huu umeenea kiasi kwamba Facebook yenyewe huweka onyo kubwa ndani ya dirisha hilo, na Chrome humzuia asiye na mazoea kubandika kitu humo mpaka aandike kwa mkono maneno ya kukubali. Ukikutana na kizuizi hicho huku ukifuata maelekezo ya mtu usiyemjua, simama hapo hapo na ufunge dirisha. Mzaha wa kivinjari hukaa katika upau wa anwani au wa vifaa, au hutokea wenyewe, haubandikwi.

Ule unaotokea wenyewe pia upo, tena katika simu. Chrome ya simu za Android huhesabu vichupo vilivyo wazi katika kisanduku kidogo kilicho pembeni, na vikifika 100 huacha kuhesabu, ikaonyesha uso unaocheka, :D, na ukiwa katika hali fiche hukukonyeza, ;). Firefox ya simu yenyewe huandika alama ya kisicho na mwisho. Atakayeuona uso huo auchukue kama rafiki anayemwambia kwa bashasha kwamba amekwisha kujaza nyumba: afunge vichupo alivyovisahau, na simu nzito itapata nafuu.

Limebaki la watoto, nalo ndilo nililo na raha nalo kuliko mengine. Mtoto akimzoea mjusi, atauliza siku moja ni nani anayemrudisha chini baada ya kuruka. Usimjibu kwamba ni kompyuta. Msimbo wa mchezo huo uko wazi kwa umma, kwa kuwa umo katika mradi wa Chromium, na hata asiye fundi akiusoma ataziona namba zake zikiwa na majina: mwendo wa kuanzia 6, mwendo wa juu kabisa 13, na mvuto wa ardhi 0.6. Edward Jung alilazimika kuziandika upya hesabu za kuruka kwa sababu toleo la kwanza halikwenda vizuri katika simu kuukuu za Android, na mtoto anaweza kuelezwa hilo pia, kwamba mkubwa mwenye kazi Google naye hurudia hesabu. Kisha mwulize mjusi ataruka vipi mvuto ukiwa 0.3, na umpe karatasi na penseli achore kabla hamjaijaribu namba hiyo katika nakala ya mchezo.